Unahamia Dar kutoka mikoani? Anza na barabara, nyumba itafuata

Kila Julai inapokaribia, simu yangu huanza kuita. Mtu amepata uhamisho, mwingine ameajiriwa, mwingine mume wake kahamishwa na yeye anamfuata na watoto. Wote wana swali moja: "Dada, Dar mtaa gani mzuri wa kukaa?" Mimi nimetokea Mwanza, nimekulia Nyakato, na hapa Dar nimepanga Ukonga, nikapanga Tabata, na sasa niko Kimara. Kila anayeniuliza namjibu kwa swali: kazi yako itakuwa wapi, na unatakiwa kuingia saa ngapi?

Watu wa kwetu hushangaa kidogo. Ukiwa Mwanza unaweza kukaa Buzuruga, Igoma au Nyegezi, na mjini ukafika bila kuvuruga ratiba ya siku. Dar ni nchi nyingine kabisa kwa jambo hili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao asubuhi wanaelekea upande mmoja kwa barabara chache zilezile, jioni wanarudi kwa hizohizo. Ukizijua barabara hizo, kazi ya kuchagua mtaa imekuwa nyepesi.

Kubwa ziko nne, zote zinaanzia katikati ya jiji. Ya Bagamoyo inakwenda kaskazini: Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta mpaka Bunju. Ya Morogoro inapita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, mpaka Mbezi na kuendelea. Ya Nyerere, ambayo wakongwe bado wanaiita barabara ya Pugu, inapita Tazara na uwanja wa ndege kwenda Ukonga na Gongo la Mboto. Ya Kilwa inashuka kusini, Mtoni na Mbagala. Halafu kuna Sam Nujoma na Mandela, zinazozikata hizo nyingine kutoka Mwenge, Ubungo, Buguruni, Tazara hadi upande wa bandari. Ng'ambo ya maji ni Kigamboni, unakofika kwa kivuko cha Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016.

Basi kaa kwenye barabara ileile inayokupeleka kazini. Kama ofisi iko Posta, katikati ya jiji, unaweza kuishi Kimara, Ukonga au Mbagala na bado maisha yakaenda, kwa sababu unapanda gari moja na unashuka. Lakini anayefanya kazi Tegeta akapanga Chanika, mbele ya Gongo la Mboto, kwa kuwa kodi ni nafuu, huyo atalivuka jiji zima kila siku, makutano hadi makutano, saa ambayo kila mtu yuko barabarani. Msikilize mwenyeji wa Dar ukimwambia unakokaa. Hakuulizi kilomita. Anauliza, "Kutoka huko ni gari ngapi?" Na wewe uliza hivyohivyo kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni haambiwi. Anayekaa katikati ya ruti anaweza kuteseka kuliko anayekaa mwisho wa ruti. Daladala ikitoka Gongo la Mboto inajaa palepale kituoni. Ikifika vituo vya mbele watu wananing'inia mlangoni au gari halisimami kabisa. Ndiyo maana utaona watu wazima, wamevaa vizuri, wanapanda gari linaloelekea nje ya mji asubuhi. Wanageuza nalo. Wanalipa nauli mpaka mwisho wa ruti ili wapate kiti cha kurudi mjini. Hiyo ni nauli mbili kila asubuhi na muda umepotea. Kwa hiyo mtaa ulio karibu na kituo gari linapoanzia, kama Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto, una faida ambayo ramani haikuonyeshi. Hata mwendokasi iliyoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ina njia yake peke yake na inaipita foleni ya magari, lakini Kimara asubuhi jiandae kwa umati, na toka mapema.

Kodi nafuu nayo ipigie hesabu kamili. Nyumba iliyo ndani sana, mbali na kituo, ina bodaboda yake. Shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa siku 26 za kazi, ni 78,000 kwa mwezi. Iongeze kwenye kodi ndipo ulinganishe na ile nyumba ya barabarani uliyoiona ghali. Na mvua ikinyesha bodaboda anapandisha bei, au haji.

Hapo kwenye mvua naomba unisikilize vizuri, maana ndipo wageni wengi wanapoumia. Wengi wetu tunafika Dar kiangazi, tunaona mtaa mkavu, nyumba ina vigae na dari ya jipsamu, tunalipa miezi sita. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli inakuja kati ya Oktoba na Desemba. Dar imejengwa juu ya mabonde: Msimbazi, mto Ng'ombe, Kizinga, Mzinga, na vijito vingi ambavyo kiangazi unavivuka bila kujua kama ni mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia kadhaa za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Na si wa bondeni tu wanaoguswa. Msimbazi ukifurika Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, na mtu wa Kimara aliye salama kabisa kwake hana njia ya moja kwa moja kufika mjini.

Nilipokuwa natafuta nyumba Tabata, dalali alinipeleka kwenye moja iliyonivutia sana. Ilikuwa Februari. Chumba, sebule, jiko, uzio mzuri, na kodi ya chini kuliko nyingine zote za jirani. Nikafungua mlango wa chumbani na kuangalia nyuma yake. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, juu ya hapo rangi ni ya zamani. Soketi zote za umeme zilikuwa zimewekwa juu, usawa wa kifua. Mlango wa mbele ulikuwa na kizingiti cha tofali mbili, unauruka ndipo uingie. Nikamwacha dalali akiongea na simu, nikaenda kununua maandazi kwa mama aliyekuwa amekaa ng'ambo ya njia. Nikamuuliza, "Mama, mvua zikija hapa kukoje?" Akaniangalia, akauliza kama nina watoto. Nikasema ninao wawili. Akasema, "Basi mwanangu usikae hapo. Sisi mwaka jana tulilala kwa jirani kule juu."

Mama huyo hakuwa na kitu cha kuniuzia zaidi ya maandazi. Tafuta mtu wa namna hiyo kila mtaa unaokwenda kuangalia: muuza genge, fundi cherehani, dereva bodaboda wa kijiweni, mwenye duka. Waulize mvua, waulize maji, waulize usiku. Kwenye mitaa iliyobanana uliza pia kama watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia majitaka yaende na mvua zikinyesha, maana maji hayo yanapita mlangoni kwako na watoto wanayakanyaga. Ukiweza, rudi pale mara moja baada ya mvua, na mara moja saa mbili usiku, ukiwa unatembea kutoka kituoni kwa miguu kama utakavyotembea ukitoka kazini. Uchochoro uliokuwa na kelele za watoto mchana unaweza kuwa giza tupu saa hiyo, na ni vizuri ukalijua hilo kabla ya kulipa.

Maji ni sura ya pili. Kwetu tumezoea ziwa, maji baridi hayana chumvi. Hapa jiji linategemea sana maji ya mto Ruvu, na pale bomba lisipotosha watu wanatumia visima, vingi vikiwa na chumvi, hasa maeneo ya karibu na pwani. Omba maji kidogo bombani, nawa kwa sabuni. Isipotoa povu umeshapata jibu: maji ya kunywa na ya chai utanunua kwa dumu. Uliza kama kuna simtanki, nani anaijaza, na siku za mgawo ni zipi. Umeme ni LUKU. Sisitiza uwe na mita yako. LUKU ya kuchangia wapangaji watano inaleta ugomvi usioisha wa nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku, na ugomvi huo unaharibu ujirani ambao utauhitaji sana siku mtoto akiugua usiku.

Joto utalizoea. Ila kama kuna mtu wa pumu au mzee nyumbani, maeneo ya mwinuko kama Goba na Kimara yana upepo zaidi jioni. Huko nako angalia barabara ya ndani: mlima wa udongo ukilowa, bajaji haipandi.

Wenye watoto, shule iwe ya kufikika kwa miguu kama inawezekana. Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo makonda wengi huwazuia mlangoni mpaka watu wazima wajae. Mtoto wa darasa la tatu kusimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi huku magari yanampita ni kitu kinachoniuma mpaka leo ninapokiona. Mimi niko tayari kupanda gari mbili mwenyewe ili wanangu watembee.

Sasa dalali. Utamhitaji, Dar ndivyo ilivyo. Kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja nyumba ikipatikana, na wengi wanatoza pia ada ya kukuonyesha. Patana naye kabla hamjaanza kuzunguka, na mwambie wazi barabara unayotaka. Akikwambia "Mbezi", muulize Mbezi ipi. Kuna Mbezi Beach, barabara ya Bagamoyo, na kuna Mbezi ya barabara ya Morogoro, ilipo stendi ya Magufuli ambako mabasi ya mikoani yanafikia tangu 2021. Ni sehemu mbili tofauti kabisa. Pesa ya kodi usimpe dalali mkononi hata akiwa mcheshi vipi. Mtafute mwenye nyumba, muulize jirani kama kweli ndiye, halafu mkataba muuandike mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ugongwe muhuri. Wapo waliokabidhi kodi ya mwaka kwa mtu asiye na hata tofali moja kwenye nyumba ile, wakafika na mizigo yao wakakuta familia nyingine ndani.

Kama una ndugu Dar, fikia kwake kwa wiki chache kabla ya kulipa popote, uende kazini kutoka kwake, uione foleni kwa macho yako. Changia chakula, saidia kazi, usikae kama mgeni. Usipokuwa na ndugu, tafuta mwenye nyumba atakayekubali miezi mitatu. Wengi watataka sita au mwaka, lakini wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa bila mtu. Vyombo vikubwa viache nyumbani kwanza.

Ukishahamia, wiki ileile nenda kwa mjumbe ujitambulishe, uandike jina lako serikali ya mtaa. Kitambulisho, dhamana, uandikishaji wa mtoto shuleni, mengi ya hayo yatahitaji barua ya utambulisho kutoka pale, na ni rahisi kuandikiwa na mwenyekiti anayekufahamu. Chukua namba ya mjumbe, ya bodaboda mmoja wa kijiweni na ya jirani wa mlango wa pili, uzibandike ukutani mahali hata mtoto anaweza kuzisoma.