Muulize Mwalimu: Eti shule ya Mjerumani Tanga ilikuwa ya Kiingereza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani hapa Tanga, mwanangu anaanza la kwanza mwakani. Baba yake kashikilia aende inglishi midiamu, anasema Tanga tangu enzi za Mjerumani shule ilikuwa ya Kiingereza ndo maana wazee wetu wanakimwaga hadi leo. Ni kweli? Maana ada yenyewe inatukaba. Mama wa mmoja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba watoto kachanganya Mjerumani na Mwingereza hapo. Shule ya Mjerumani ilifunguliwa hapa Tanga mwaka 1892, inahesabika ndo ya kwanza ya serikali kwenye koloni lile lote, na watoto walikuwa wanasomeshwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kirumi, wakati mjini watu wameshazoea kukiandika kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani alikuwa anatafuta makarani, walimu na maakida, yaani wasimamizi wake huko vijijini, wa kumfanyia kazi, wala hakuwa na huruma na mtu, ila dini hakuiingiza darasani kwa hiyo watoto wa Kiislamu nao wakasoma. Halafu kuna kitu kinanifurahisha sana mimi, shule ile ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, vijana wanafundishwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja mpaka ukurasa unajaa, na hapo ndo likatoka gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa miaka ya 1900, Kiswahili kitupu, likasomwa hadi bara huko. Hiyo ndo sifa ya Tanga mwanangu, na watu wengi hapa mjini hawaijui kabisa, inaniuma.

Kiingereza kimekuja na Mwingereza, aliyeuteka mji Julai 1916. Yeye akaweka Kiswahili madarasa ya chini, ukipanda juu unakutana na Kiingereza, na mambo yakaenda hivyo mpaka 1967 serikali yetu ilipoamua msingi yote iwe Kiswahili. Kwa hiyo wale wazee wanaokimwaga walianza kusoma kwa lugha wanayoielewa, Kiingereza wakakikuta wameshajua kusoma na kuandika vizuri. Hizi inglishi midiamu za mtaani zimejaa kuanzia miaka ya 1990, watu binafsi waliporuhusiwa.

Sasa ada. Sikukatazi, maana sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza na najua watoto wanavyopata shida fomu wani, mtoto ana akili zake nzuri tu ila swali la baiolojia halielewi limeuliza nini. Lakini jina la shule lisikutishe wala yunifomu na basi la njano. Nenda siku ya masomo, omba kukaa darasa la tatu nusu saa, msikilize mwalimu mwenyewe anavyoongea, halafu chukua daftari la mtoto yeyote mwambie akueleze alichoandika kwa maneno yake, kwa Kiswahili sawa tu. Akibaki anakariri sentensi ya ubaoni bila kujua maana yake, hiyo hela usiitoe, mpeleke shule ya serikali iliyo karibu yenye walimu wanaoingia darasani, na sehemu ya hiyo ada mtafutieni tyusheni ya Kiingereza akifika la tatu au la nne na vitabu vya hadithi vya lugha zote mbili. Baba yake naye awe anamsomea jioni, hilo halina ada.