Ovataimu ya mlinzi wa serikali: hesabu ya lindo la saa 12

Ndugu mhariri, mimi ni mlinzi wa halmashauri, ajira ya kudumu. Naingia lindoni saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, peke yangu getini. Mshahara wa msingi ni sh 540,000. Kila mwezi napewa sh 40,000 za "posho ya lindo", naambiwa hiyo ndiyo ovataimu. Ni sawa? — Mlinzi, Dodoma

Si sawa, wala haikaribii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu pia watumishi wa umma wa Tanzania Bara, nawe ukiwemo. Kifungu cha 19 kinaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada, na kila saa hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Posho za nyumba na usafiri haziingii katika hesabu hii.

Tuanze na saa zenyewe, maana hapo ndipo wengi hupunjwa bila kujua. Afisa utumishi atakwambia saa moja ya kula haihesabiwi, kwa hiyo umefanya kazi saa 11. Ni kweli mwajiri halazimiki kulipia mapumziko, lakini si pale mfanyakazi anapotakiwa awepo tayari kwa kazi muda huohuo. Mlinzi aliye peke yake anakula wali wake huku jicho liko getini. Hizo ni saa 12 kamili, mara sita ni 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kila wiki. Ukizipanga kwa usiku, saa tatu za mwisho za kila lindo ni ziada, na ukimaliza lindo la tano umeshatimiza 45. Lindo la sita lote ni ovataimu.

Sasa fedha. Gawa 540,000 kwa 4.333, ambacho ndicho kigawanyo cha sheria cha kugeuza mwezi kuwa wiki (ukigawa kwa 4 utakosea). Unapata 124,625. Gawa kwa 45, saa moja ni sh 2,769. Zidisha kwa moja na nusu: 4,154. Saa 27 ni sh 112,158 kwa wiki.

Bado nyongeza ya usiku, ambayo karibu kila anayetuandikia huisahau. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Ikiwa saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 hupigwa kwenye kiwango cha ovataimu. Kwa wiki una saa 35 za usiku za kawaida (sh 138.45 kila moja) na 25 za ziada (sh 207.70). Jumla ni kama sh 10,038.

Ukijumlisha vyote ni sh 122,196 kwa wiki, yaani karibu mshahara wa wiki nyingine nzima. Kwa wiki nne ni sh 488,784, nawe unapewa 40,000. Posho ya jumla inaruhusiwa, ila haiwezi kushuka chini ya hesabu ya sheria. Sikukuu ya kitaifa ukiwa lindoni, saa hulipwa maradufu: kwako ni sh 5,538.

Kuna kasoro kubwa kuliko malipo. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na lazima yawepo makubaliano. Wewe una 108. Ratiba yenyewe inavunja sheria, lakini kuvunjwa huko hakumwondolei mwajiri deni la saa ulizokwisha kufanya.

Nianzie wapi kudai?

Anza na ushahidi. Nakili ratiba ya zamu na kurasa za OB (kitabu cha matukio cha lindo) zinazoonyesha saa ya kupokea na kukabidhi lindo. Madai mengi hukwama hapa: ratiba inasema lindo ni la saa 8, mlinzi ameisaini kila mwezi, OB inaonyesha saa 12. Andika saa halisi na jina la unayemkabidhi, kila siku.

Kisha andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa mkuu wa idara, ukiambatanisha hesabu ya kila wiki. Ipeleke masijala, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Jibu la kwanza huwa "hakuna kasma", yaani hakuna fungu la bajeti. Sheria haikuweka sharti la kasma. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, TALGWU au TUGHE, akisimama nawe, barua hailali sana mezani.

Usikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) moja kwa moja. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za sheria hiyo, na shauri lililoruka ngazi hutupwa bila hata kusikilizwa. Mgogoro wa malipo ukifika CMA, muda ni siku 60 tangu ulipoanza. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda, na lazima uwe na sababu.

Nilisaini kwamba saa 12 ni zamu ya kawaida, bila ovataimu. Nimejifunga? — Msomaji, Morogoro

Kwa sehemu. Makubaliano ya maandishi ya namna hiyo yanaruhusiwa, lakini hayavuki siku tano kwa wiki, saa 45 za kawaida, na saa 10 za ziada. Zamu tano za saa 12 ni saa 60, tayari zimezidi. Zamu nne ni 48, na hata hapo tatu za mwisho zinalipwa.

Askari polisi anayemlinda kiongozi adai hivihivi?

Hapana. Sheria hii haiwagusi Polisi, Magereza, JWTZ wala JKT.

Ni kweli walinzi wa Rais wa Marekani hufika mahali wakafanya kazi bila malipo? — Msomaji, Minneapolis

Imetokea. Makachero wa Secret Service hupata nyongeza ya asilimia 25 kwa kuwa tayari muda wote, pamoja na ovataimu, lakini sheria ya shirikisho inaweka dari kwa jumla ya mshahara na malipo hayo. Mwaka 2016, wa uchaguzi, dari ilikuwa dola 160,300. Aliyeigusa Oktoba alilinda misafara ya kampeni bila senti ya ziada. Bunge likapitisha sheria ya ovataimu ya huduma za ulinzi, iliyosainiwa Desemba 2016, kuruhusu malipo juu ya dari. Ila ilikuwa ya mwaka huo tu. Agosti 2017 mkurugenzi wao, Randolph Alles, alikadiria watumishi wapatao 1,100 wangevuka dari tena, na Bunge likalazimika kurudi mezani kuongeza muda.