Wifi yangu alishonwa, na mimba ina wiki 17

SWALI: Shikamooni. Mke wa kaka yangu ametoka Somalia, wanaishi hapa Mbeya. Alitahiriwa na kushonwa akiwa mtoto. Kliniki alikoanzia, muuguzi alipomwona akaita wenzake waje kutazama. Sasa hataki kurudi, anasema ataishia kupasuliwa tu. Tumsaidieje?
Wifi mtu, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba, dada. Mpe pole sana. Kuitiana watu waje kumtazama ni kumvunjia heshima, na ana haki ya kukataa yeyote asiyemhudumia. Lakini asikae nyumbani, maana wiki hizi ndizo nzuri za kumfungua.

Kovu la kushonwa, lililoziba mlango wa uke, huweza kufunguliwa hata uchungu ukishaanza. Sisi tunapendelea miezi ya kati ya mimba, kwa sababu usiku wa uchungu anaweza kumkuta mkunga ambaye hajawahi kuliona. Anachomwa sindano ya ganzi. Mhudumu anapitisha kidole nyuma ya kovu ili asiguse njia ya mkojo, analichana katikati kutoka chini kwenda juu, kisha anashona kila ukingo peke yake kwa uzi unaoyeyuka. Zisiposhonwa hivyo, kingo hugandana tena.

Mwambieni mapema kuhusu mkojo. Uliozoea kudondoka matone kwa dakika nyingi utatoka kwa kasi na kwa mlio, na wapo wanaoshtuka wakidhani wameharibiwa. Siku za mwanzo utachoma. Ajimwagie maji ya vuguvugu huku anakojoa.

Kushonwa peke yake si sababu ya upasuaji. Hatari ni kumwongezea njia pembeni na kuliacha kovu la mbele: mtoto anacheleweshwa, kovu linachanika ovyo, damu inatoka nyingi. Tena kovu likiwa limefunga, vidole havipiti kupima njia wala mpira wa mkojo hauingii.

Nendeni wote wawili hospitali ya wazazi Meta. Kabla hajavua nguo, mwambieni mkunga: “Alishonwa, tunaomba faragha na mtu mzoefu.” Mpango uandikwe kwenye kadi yake. Kama Kiswahili kinampa shida, mkalimani awe mwanamke mtu mzima, si mumewe. Na asiogope polisi: sheria ya 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18, si aliyekeketwa.

Akishajifungua, ndugu wanaweza kuomba arudishiwe kama zamani. Mkunga akatae, hata anayeomba akiwa mama yake mzazi.