Kabla Hujanunua Tena Midoli ya Utotoni

Kila nikiweka picha ya midoli yangu ya Star Wars, ile sinema ya vita vya anga, lazima aibuke mtu wa kuuliza aanzie wapi, hela kidogo, hamu kubwa. Jibu langu halibadiliki: anza na ule uliowahi kuushika mwenyewe. Achana kwanza na ule adimu, achana na ule wanaougombania Wamarekani kwenye minada. Ukishaupata wa kwako, kaa nao hata mwezi ndipo ufikirie wa pili. Wengi wakifika hapo hamu imeshatulia, na mfuko umesalimika.

Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam ya miaka ya themanini. Televisheni huku Bara ilikuja mwaka 1994, na sinema yenyewe, ambayo ilitoka 1977, nimeiona nikiwa mkubwa. Mdoli ulitangulia. Mjomba wangu baharia alirudi safari na askari mweupe, kofia imemfunika uso mzima, na nyuma ya mguu wake kumeandikwa Hong Kong. Basi tukamwita Hongkong. Hatukuwa na habari kwamba kwenye sinema ni upande wa adui, tena adui asiyejua kulenga. Kibarazani kwetu yeye ndiye alikuwa stelingi, na stelingi hafi. Chombo chake cha anga kilikuwa kopo la Blue Band lenye mabawa ya kandambili iliyokatika.

Alienea humo koponi kwa sababu maalumu. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati iliitengeneza midoli hii kwa urefu wa inchi 3¾, yaani kama sentimita 9.5, wakati mwanasesere wa askari aliyezoeleka Marekani alifika sentimita 30. Kwa kimo hicho kidogo waliweza kuuza na vyombo vya anga ambavyo askari wanaingia na kukaa, kwa bei ambayo mzazi anaimudu. Shingo inageuka, mabega yanazunguka, nyonga zinakunjika, basi. Hakuna goti wala kiwiko. Ndiyo maana akikaa, miguu inanyooka mbele kama mtoto mchanga mkekani.

Mdoli wa namna hii ni wa kuchezewa, kwa hiyo mimi siwashauri watu kununua uliofungwa bado kwenye kadi yake ya dukani. Ni mzuri, sikatai, na anayeweka akiba ya biashara ana hesabu zake. Ila huo huwezi kuushika, na bei yake hupanda kupita kiasi kuliko ya ule uliokwisha chezewa, wakati plastiki ni ileile. Chukua uliochezewa. Rangi ikiwa imetoka puani, au kiungo kimelegea kidogo, ndiyo nafuu yako. Nikiona uliolegea nyonga, mimi huushuku kwa wema: huyu alipendwa.

Jambo la kupigwa sasa. Mdoli mwenyewe si rahisi kughushi kama vikorokoro vyake. Bunduki na mapanga ya mwanga hupotea, kwa hiyo feki ni nyingi ajabu. Uliza picha ya karibu ya kila kidude, na muuzaji akisita, ondoka. Angalia maandishi ya mguuni: midoli mingi ya mwanzo ina herufi G.M.F.G.I., kifupi cha jina la kampuni mama ya Kenner, na mwaka. Mwaka huo ni wa hakimiliki, si wa kutoka kiwandani, kwa hiyo mtu asikuuzie "wa 1977" kwa bei ya ukongwe. Midoli ya kwanza ilianza kufika mikononi mwa watoto mwaka 1978. Krismasi ya 1977 Kenner walikuwa hawajawa tayari, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti cha kutumiwa midoli minne baadaye kwa posta. Na wazazi wakanunua! Hamu ya vitu hivi ilianza kuuzwa kabla ya vitu vyenyewe.

Hatari kubwa kuliko zote ni Jawa, yule mfupi wa kujifunika. Wa mwanzo kabisa alivaa joho la plastiki laini, kisha wakambadilishia la kitambaa. Wa plastiki ana bei mbaya, na wajanja hukata joho la mzee Obi-Wan wakamvisha yeye. Kama si mzoefu, usimguse.

Ukishaupata, joto la kwetu ndilo adui. Plastiki nyeupe ya askari hugeuka njano kwa mwanga na joto, kwa hiyo kabati lenye kioo lililotazamana na dirisha ni pambo zuri na kaburi zuri. Weka kivulini, penye hewa. Kuna wanaorudisha weupe kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Unang'aa kweli, ila njano mara nyingi hurejea, nami nauacha na umri wake. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. R2-D2, ile roboti fupi, peke yake usimtumbukize: mapambo ya mwilini ni karatasi iliyogundishwa, maji yakiingia inavimba na kuchanika. Mfute kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa.

Usafiri nao una hesabu yake, maana nauli ya kifurushi inaweza kuzidi bei ya mdoli. Kama una ndugu Uingereza au Marekani, mpe muuzaji anwani ya ndugu huyo apeleke huko, halafu subiri mtu anayekuja likizo. Mwambie kila bunduki aiweke kwenye kimfuko chake kidogo, akigundishe na mdoli wake, aviweke ndani ya soksi katikati ya nguo. Na mwambie mapema kwamba ni mdoli, kabla hajafungua akadhani umemtania.