Kutetea haki bila shahada ya sheria

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima uwe na shahada ya sheria ndipo uweze kutetea haki za binadamu hapa Kenya; si lazima. Kwanza ijue vyema Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, inayotaka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo uishe wakati mahakama imefungwa. Kisha ujifunze kuandika. Mama anapokujia akilia kwamba mwanawe amechukuliwa usiku, andika saa, mahali, kituo na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ukitenga aliyoyaona kwa macho yake na aliyosimuliwa na jirani, maana wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo.

Maadili, kwa maoni yangu, ndiyo magumu zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kusambaza picha ya kijana aliyepigwa, kwa nia njema, bila kumwuliza. Wiki hiyo hiyo akalazimika kuhama mtaa. Tangu hapo huomba ridhaa mara mbili, wakati wa kuandika maelezo na tena kabla ya kuyatoa nje, kwani aliyekubali akiwa na hasira huenda akakataa akishatulia, na ana haki hiyo. Usimwahidi mtu ushindi wala fidia, na mwulize mapema kama anayo nauli ya kwenda mahakamani.