Anza na Kwapa

Kabla ya kuanza kupiga picha za ndege wa porini nilikuwa mpiga picha wa harusi hapa Bagamoyo, na hilo ndilo lililoniponza. Harusini kazi yako ni kupendezesha. Unatafuta mwanga mlaini, nyuma unapafifisha, bibi harusi anageuza uso kidogo, basi. Tabia hiyo hiyo nikaingia nayo kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, nikarudi na picha arubaini nzuri ambazo hazikumsaidia mtu yeyote kujua nimepiga nini.

Ndege mwenyewe alikuwa wa ukoo wa vitwitwi, hawa ndege wa ufukweni, mgongo una madoa ya njano kama aliyenyunyiziwa bizari. Moyo ulinienda mbio. Wenye madoa ya namna hiyo wapo aina mbili wanaofanana mno. Mmoja huzaliana Siberia na magharibi mwa Alaska, kisha wengi wao hukimbilia Asia ya kusini, Australia na visiwa vya Pasifiki, na wachache tu hufika pwani yetu. Wa pili huzaliana kaskazini ya mbali ya Amerika na baridi ikija huenda Argentina. Huyo ukimkuta Nunge, ujue kapotea kweli kweli. Nami, bila aibu, nilishaamua kuwa ni wa pili.

Wazoefu niliowatumia picha waliniuliza swali moja: kwapa liko wapi?

Sikuwa nalo. Na hapo ndipo penye somo. Kuna kitwitwi wa kijivu, wa kawaida kabisa, tunayemwona ufukweni kila maji yanapokupwa. Akiwa mchanga, huyo naye huwa na umanjano mgongoni. Lakini akiruka, kwapa lake ni jeusi ti, na juu ya mkia ni mweupe. Wenye madoa ya njano niliowataja wana kwapa la kijivu lililofifia. Yaani picha moja mbovu ya ndege akiwa hewani, bawa juu, ingemaliza ubishi ambao picha zangu arubaini za ndege aliyetulia ziliuacha palepale.

Kwa hiyo ukikutana na ndege mgeni, usimtafutie urembo. Mpige picha kwanza akiwa mbali, hata awe kidoa, maana anaweza kuondoka kabla hujapiga hatua ya pili. Kisha ubavu wake bawa likiwa limekunjwa: hesabu ncha za manyoya marefu ya bawa zinazochungulia nyuma. Yule wa Siberia huwa na mbili au tatu, wa Amerika nne au zaidi. Halafu miguu. Halafu subiri ajinyooshe au aruke, ukiwa umeshaweka spidi ya shata 1/2000 ya sekunde na kupiga mfululizo. Akiruka, vidole vya wa Siberia huchomoza nje ya mkia. Usisubiri aruke ndipo uanze kubonyeza vitufe. Saa ya kamera nayo iwe sahihi. Yangu ilikuwa bado na tarehe ya harusi ya mtu.

Wakati wa kwenda ni jambo ambalo wapiga picha wengi wasiopazoea hulikosea. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku hujaa kama saa kumi jioni. Bahari ikimeza mchanga wote, ndege hawana pa kukaa, wanahamia kwenye mabirika ya chumvi. Jua nalo limeshageukia bara, basi ukikaa upande wa bara mwanga unatoka mgongoni mwako. Mchana wa saa saba usijisumbue: mazigazi juu ya chumvi yatakutetemeshea picha hata uwe na lenzi ya milimita 400 kwenye stendi ya miguu mitatu.

Na usimfukuze. Ndege aliyevuka bahari anahitaji kula kuliko wewe unavyohitaji picha. Kaa chini, chutama, mwache yeye ndiye asogee. Ukifika, wasalimie kwanza wanaochota chumvi. Lile ni shamba la watu, na wao ndio hujua ndege yupi ni mgeni kabla yako. Aliyenielekeza mimi ni mzee mmoja wa pale.

Bamvua iliyofuata nilirudi. Alikuwepo, nikalala kifudifudi kwenye tope kwa saa nzima. Akaruka, nikapata picha tano, nne za maji matupu. Ya tano ina kwapa la kijivu na vidole nje ya mkia. Wa Siberia. Si yule niliyemtamani, lakini hata huyo nilikuwa sijawahi kumwona.

Nikamwonyesha mzee kwenye kioo cha kamera. Akaiangalia sana.

"Ndo huyu? Mbona hana sura?"

"Shikilia hapa, babu," nikamkuzia. "Angalia kwapa."