Utumbo Unaokereka na Choo Kigumu: Maswali Yenu Kuhusu Nyuzinyuzi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliothibitishiwa na daktari kwamba wana tatizo la utumbo kukereka, lijulikanalo kwa kifupi kama IBS, la aina inayofunga choo. Karibu wote wameambiwa wale nyuzinyuzi zaidi, na ni wachache mno walioelezwa nyuzinyuzi zipi, kwa kiasi gani na kwa mwendo upi. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Niliambiwa niongeze nyuzinyuzi, nikaanza kunyunyizia pumba za ngano kwenye kila mlo. Sasa tumbo linajaa gesi na kuuma kuliko zamani, na choo bado ni kigumu. Je, nilishauriwa vibaya?

Ulipewa nusu ya ushauri. Nyuzinyuzi si kitu kimoja. Zipo zinazoyeyuka katika maji na kufanya ute mzito, kama zile zilizomo kwa wingi katika oti, karoti, machungwa na maganda ya mbegu za isapgoli (psyllium). Na zipo zisizoyeyuka, zikiwemo pumba za ngano, ambazo hupita zikiwa karibu vilevile zilivyoliwa na kuukwaruza ukuta wa utumbo mpana, nao ukuta ukajibu kwa kutoa maji na ute. Kwa mtu ambaye shida yake ni choo kigumu peke yake, mkwaruzo huo waweza kuwa msaada. Mwenye IBS yuko katika hali nyingine, kwa sababu mishipa ya fahamu ya utumbo wake ni myepesi kuhisi, kiasi kwamba mtanuko mdogo ambao mtu mwingine hautambui kabisa, yeye huupata kama maumivu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Uholanzi kwa wagonjwa 275 wa IBS, ambao kwa wiki 12 walipewa ama gramu 10 za isapgoli kwa siku, ama gramu 10 za pumba, ama unga usio na dawa kwa ajili ya ulinganisho. Waliotumia isapgoli walipata nafuu zaidi, ilhali kundi la pumba ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi walioacha mapema, na sababu kubwa waliyoitoa ni hiyohiyo uliyoiandika, kwamba dalili zilizidi. Mwongozo wa mwaka 2021 wa chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha Marekani nao unapendekeza nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwa wagonjwa wa IBS, na haupendekezi zisizoyeyuka.

Kwa hiyo acha pumba. Sisemi uache mboga za majani au mkate usiokobolewa kama tumbo lako linavivumilia, kwani vyakula vingi vina nyuzinyuzi za aina zote mbili kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba usiongeze pumba kavu juu ya chakula kana kwamba ni dawa. Jihadhari pia na vyakula vya pakiti vinavyotangazwa kuwa na nyuzinyuzi nyingi, maana mara nyingi kilichoongezwa humo ni inulini, ambayo kweli huyeyuka, lakini bakteria wa utumbo huichachua kwa kasi na kuacha gesi nyingi. Isapgoli huchachuka kidogo sana, ndiyo maana huweza kushikilia maji hadi mwisho wa utumbo mpana na kukifanya choo kiwe laini bila ya kulijaza tumbo upepo.

Nilijaribu isapgoli, vijiko viwili vikubwa asubuhi na viwili jioni. Siku ya tatu nilishindwa kufunga vifungo vya suruali. Nianze upya vipi?

Uanze kwa kiasi ambacho utakidharau. Gramu 3 au 4 kwa siku, mara moja, zinatosha kwa wiki ya kwanza. Kijiko cha maganda mazima hakina uzito sawa na kijiko cha unga uliosagwa, kwa hiyo fuata gramu zilizoandikwa kwenye pakiti na si ukubwa wa kijiko cha nyumbani. Mimina dozi hiyo katika glasi ya maji yasiyopungua mililita 240, koroga, unywe papo hapo; ukiiacha mezani dakika chache utakuta imekuwa uji mzito unaong'ang'ania kijiko, na hapo ndipo wengi hukata tamaa nayo. Baada yake kunywa maji mengine. Usiimeze kavu kamwe, kwani inaweza kuvimba ikakwama kooni, na mtu mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuambiwa kwamba utumbo wake una sehemu iliyosinyaa asiitumie bila ya ruhusa ya daktari.

Wiki ya pili ongeza gramu 3 nyingine, na ukiona tumbo linalalamika, rudi kwenye kiasi cha awali ukae hapo wiki nzima zaidi. Wengi hupata nafuu wanapofikia kati ya gramu 7 na 10 kwa siku, na ni haki kuipa kama wiki nne kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Kama unatumia dawa nyingine, ziachanishe na isapgoli kwa saa mbili hivi, kwa sababu ute wake huweza kuzuia dawa isifyonzwe ipasavyo.

Mmoja wenu ameuliza kama gramu hizo zinatosheleza mahitaji ya siku. Hazitoshelezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, na aliyezoea kula gramu 10 au 12 asijaribu kulifikia lengo hilo kabla ya mwezi kwisha.

Nakunywa lita nne za maji kila siku. Mbona choo hakilainiki?

Kwa sababu maji yanayozidi mahitaji ya mwili hufyonzwa katika utumbo mwembamba na kutoka kama mkojo. Maji hukisaidia choo pale yanapokuta kitu cha kuyashikilia, yaani nyuzinyuzi. Kwa watu wazima wengi, lita moja na nusu hadi mbili za vinywaji kwa siku zinatosha, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo alichopewa hospitalini.

Plamu kavu zinanifungua choo, lakini nalipa kwa maumivu ya tumbo ya siku nzima. Je, kuna tunda lenye upole zaidi?

Plamu kavu zina nyuzinyuzi, lakini nguvu yake kwa sehemu kubwa hutoka katika sobitoli, sukari ambayo utumbo mwembamba huifyonza kwa shida. Inayobaki huvuta maji kuelekea utumbo mpana, na huko huchachuliwa ikawa gesi. Mtu asiye na IBS hupata faida ya kwanza na kuisamehe hasara ya pili, wewe huwezi. Jaribu kiwi za kijani, mbili kwa siku, kwa wiki nne. Kiasi hicho kilijaribiwa New Zealand, Italia na Japani kwa watu wenye choo kigumu, wakiwemo wenye IBS, kikilinganishwa na isapgoli, na kilionekana kuongeza safari za chooni na kupunguza usumbufu wa tumbo. Machungwa nayo kwa kawaida huvumilika. Mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko kimoja kikubwa kwa siku katika uji wa oti, huwafaa baadhi ya watu, mradi ziambatane na maji ya kutosha. Hata hivyo, usianze na kiwi, kitani na isapgoli katika wiki moja, kwa kuwa hutajua ni kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuumiza.

Rafiki yangu alipona kwa mlo wa FODMAP. Nimeufuata miezi minane sasa. Gesi imepungua lakini choo kimefunga zaidi. Nikaze uzi?

Hapana, ulegeze. Mlo huo, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kilichoko Melbourne, Australia, hupunguza aina za sukari na wanga mfupi zinazochachuka upesi, ambazo hupatikana katika ngano, vitunguu, vitunguu saumu, maharage, maziwa na baadhi ya matunda. Haukukusudiwa kuwa mlo wa maisha. Hatua ya kwanza, ile ya kupunguza, ni ya wiki nne hadi sita tu; hatua ya pili ni ya kurudisha vyakula kundi baada ya kundi, kwa kiasi kidogo kinachoongezwa taratibu kwa siku tatu hivi, huku ukiandika kilichotokea; na hatua ya tatu ni kuishi na mlo wako mwenyewe, ambao umezuia vile tu vilivyothibitika kukudhuru. Watu wengi hubaki hatua ya kwanza kwa sababu wanaogopa maumivu yasirudi, na hofu hiyo ninaielewa, lakini ukiondoa ngano na jamii ya maharage bila ya kuweka kitu mahali pake, umeondoa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi ulizokuwa unakula. Choo chako kimefunga zaidi kwa sababu hiyo.

Anza kurudisha vyakula wiki hii, ikiwezekana kwa msaada wa mtaalamu wa lishe, na wakati huohuo ongeza vile vyenye nyuzinyuzi ambavyo mlo huo unaviruhusu: oti, karoti, viazi vilivyopikwa na maganda yake, machungwa, kiwi. Dengu za kopo zilizosuuzwa vizuri huwa na kiasi kidogo zaidi cha wanga mfupi kuliko zilizochemshwa nyumbani zikaliwa na mchuzi wake, kwa sababu sehemu ya wanga huo hubaki katika maji yanayomwagwa, na robo kikombe ni mwanzo mzuri.

Na kwa yeyote anayefikiria kuacha ngano: pima kwanza ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu anapokula ngano. Kipimo chake cha damu hutegemea kwamba mtu bado anakula ngano, na ukishaiacha kwa miezi, majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa ilhali unao.

Daktari amenipa makrogoli. Je, niache nyuzinyuzi?

Usiache, vinatumika pamoja. Makrogoli hukilainisha choo vizuri, lakini haitazamiwi kuondoa maumivu ya IBS, hivyo maumivu yakibaki mweleze daktari wako.

Nala vizuri, choo changu si kigumu sana, ila nakaa chooni nusu saa nikijikamua na kutoka nikihisi kwamba hakijaisha. Niongeze nini?

Usiongeze chochote kwanza. Kwa baadhi ya watu, misuli ya sakafu ya nyonga hukaza pale inapopaswa kulegea, na mzigo unaoongezwa na nyuzinyuzi hukuta mlango umefungwa. Hali hii huweza kuishi pamoja na IBS na mara nyingi haitambuliwi, kwa vile mgonjwa huona haya kueleza na daktari huona haya kuuliza. Omba uchunguzwe njia ya haja kubwa. Tiba yake ni mazoezi maalumu ya kuifundisha misuli hiyo kulegea, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, na huwasaidia wengi kuliko dawa.

Wakati unasubiri, nenda chooni baada ya kifungua kinywa, wakati ambapo chakula kilichoingia tumboni huuamsha utumbo mpana kusukuma. Weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, na kama dakika kumi zimepita bila ya kitu, inuka uendelee na shughuli zako. Simu ibaki nje.

Shikamoo. Mama yangu mzazi ana miaka 68 na hakuwahi kuwa na shida ya choo. Sasa ni miezi mitatu choo kimefunga na tumbo linamsokota. Nimpe isapgoli kwa kiasi gani?

Marahaba. Usimpe bado, mpeleke akapimwe kwanza. IBS kwa kawaida huanza mtu akiwa bado kijana au wa makamo, na mabadiliko ya choo yanayojitokeza kwa mara ya kwanza katika umri huo yanataka uchunguzi wa utumbo mpana kabla ya kupewa jina lolote. Kama kuna damu kwenye choo, amepungua uzito bila kukusudia, ana upungufu wa damu, au ndugu wa karibu aliwahi kuugua saratani ya utumbo, usingoje miadi ya mbali. Akiwa anatapika na tumbo limevimba, hatoi choo wala upepo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mnapokwenda, chukueni dawa zake zote zikiwa katika pakiti zake, pamoja na zile anazojinunulia. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu, dawa za maumivu zenye kodeini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama verapamili, hufunga choo, na huenda daktari akaanza kwa kubadilisha mojawapo. Mama asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake kabla ya hapo.